Kamba za Viatu Zisizofika Kariakoo

Jumatatu ya Oktoba 22, 1990, gazeti la The Sun la London lilitoka na habari ya ukurasa wa mbele kuhusu mshambuliaji aliyewahi kununuliwa kwa pauni milioni 1. Justin Fashanu alikuwa amelieleza gazeti hilo kwamba anapenda wanaume wenzake. Kabla yake, hakuna mwanasoka wa kulipwa wa kiwango chake aliyekuwa amelitamka jambo hilo hadharani huku bado anavaa njumu.

Dar es Salaam haikushtuka. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, maana ITV ilikuja mwaka 1994. Mpira ulisikilizwa Redio Tanzania na kusomwa kwenye Uhuru, Mzalendo na Daily News, na mpira wenyewe ulikuwa Simba na Yanga. Mambo ya ligi ya Waingereza yalikuwa ya watu wachache wenye ndugu Ulaya au wenye redio ya masafa mafupi na subira ya kutafuta mawimbi usiku. Kwa mwana Kariakoo wa mwaka ule, mwanasoka anayependa wanaume hakuwa mtu wa kukubalika wala wa kukataliwa. Hakuwapo kabisa.

Leo Ligi Kuu ya England huonekana kila kona ya mji, na swali lililomwandama Fashanu limekuwa likibisha hodi Kariakoo kwa zaidi ya miaka kumi. Limefika kupitia runinga, limefika kupitia wanasiasa, na kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia, limewaangukia wanawake.

Fashanu alizaliwa Hackney, London, mwaka 1961. Baba yake alikuwa mwanasheria kutoka Nigeria, mama yake alitoka Guyana. Wazazi walipoachana, yeye na mdogo wake John walipelekwa kwenye makao ya watoto ya Barnardo's, kisha wakalelewa na familia ya Kizungu katika jimbo la Norfolk. Februari 1980, akiichezea Norwich City, aliinyanyua pasi kwa guu moja huku ameipa mgongo goli la Liverpool, akageuka na kuachia shuti la mguu wa kushoto. Bao hilo lilichaguliwa kuwa bora la msimu. Mwaka uliofuata Nottingham Forest ikamnunua, naye akawa mchezaji mweusi wa kwanza Uingereza kufikia bei ya milioni 1.

Kocha wake pale Forest, Brian Clough, alikuwa bingwa mara mbili wa Ulaya na mwenye ulimi kama wembe. Alipopata habari kwamba kijana huyo anakwenda kwenye klabu za usiku za wapenzi wa jinsia moja, alimsimanga, akamkataza kufanya mazoezi na wenzake, na alipokaidi akaitiwa polisi wamtoe uwanjani. Hayo yalitokea miaka mingi kabla ya The Sun. Uwezo wa miguu yake haukuwa mjadala tena.

Baada ya kujitangaza, pigo kubwa lilitoka nyumbani. John Fashanu, aliyekuwa ametwaa Kombe la FA na Wimbledon mwaka 1988, alimkana kaka yake hadharani kupitia The Voice, gazeti la Waingereza weusi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alikuwa amempa Justin pauni 75,000 ili anyamaze, na kwamba anajuta. Justin alizungukazunguka klabu ndogo za England, Scotland na Marekani. Mwaka 1998 kijana wa miaka 17 huko Maryland alimtuhumu kwa kumwingilia kwa nguvu. Fashanu alikana, akarudi Uingereza, na Mei mwaka huohuo akajiua katika gereji moja ya Shoreditch. Alikuwa na miaka 37.

Kwa karibu miaka 32 tangu tangazo lake, hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa akicheza soka ya kulipwa Uingereza aliyerudia alichokifanya.

Ili kuelewa ni kwa nini swali hili ni zito Kariakoo, inabidi kuanza na watani wenyewe. Young Africans ilizaliwa mwaka 1935, na mwaka mmoja baadaye ikazaliwa timu ambayo leo tunaiita Simba. Makao yao hayako mbali, unatembea kwa miguu: Yanga wako kwenye kona ya Twiga na Jangwani, Simba wako Mtaa wa Msimbazi. Katika mji wa kikoloni ambao Mwafrika hakuwa na sauti, klabu zilikuwa mahali ambapo kijana wa Kariakoo na Ilala angeweza kuwa mtu wa kutajwa. Alipewa jina la utani, alibebwa mabegani, alitambulika sokoni. Klabu ilimfanya mvulana kuwa mwanamume mbele ya mtaa mzima.

Sheria ilikuwa imetangulia. Kanuni ya Adhabu iliyoletwa na Waingereza ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, miaka mitano kabla ya Yanga, na kifungu chake cha 154 kinaharamisha kile inachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile. Uhuru ulikuja, Azimio la Arusha likaja, vyama vingi vikaja, kifungu kikabaki. Mwaka 1998 Bunge lilikiongezea makali kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana: kifungo kisichopungua miaka 30, na kinachoweza kufika maisha. Kwa hiyo mchezaji wa Tanzania anayefikiria kufanya kama Fashanu hafikirii zomeazomea za jukwaani tu. Anafikiria na gereza.

Halafu kuna utani wa jadi, ambao wageni huusifu na ambao wenyeji tumeuzoea kiasi cha kutosikia kinachosemwa ndani yake. Timu ikifungwa, imepakatwa. Aliyefunga ni mume, aliyefungwa ni mke. Simba ilipoichapa Yanga 5–0 mwezi Mei 2012, na Yanga ilipolipa kwa 5–1 mwezi Novemba 2023, lugha ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili picha za kuungaunga zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu kabla watu hawajatoka Uwanja wa Mkapa. Mzee mzima mwenye kanzu na kofia ya kijani atamwita jirani yake wa Msimbazi "mke wangu" mbele ya wajukuu, na jirani atacheka, atanunua kahawa, atasubiri zamu yake. Ni mzaha, na hauna chuki. Lakini mzaha huo una daraja zake: cha chini kabisa ambacho mwanamume anaweza kufanywa uwanjani ni kugeuzwa mwanamke. Mchezaji ambaye angejitokeza na kusema anapenda wanaume angekuta kiti chake kimeshaandaliwa, na kimeandaliwa chini.

Runinga ilipoingia, ilikuja na England. Vibanda umiza vikaota kila mtaa: mabenchi, kiti cha plastiki kwa mwenye heshima zake, turubai la kuzuia mwanga, ubao wa chaki nje wenye ratiba ya Jumamosi. Mtaa wa Kongo ukajaa jezi za Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea, zilizokunjwa kwenye nailoni au kutundikwa kwenye hanga. Tanzania ikaichukua ligi ya watu kama yake.

Mwaka 2013 shirika la Uingereza liitwalo Stonewall, likishirikiana na kampuni ya kamari ya Paddy Power, lilituma kamba za viatu zenye rangi za upinde wa mvua kwa klabu zote 134 za kulipwa za England na Scotland. Mchezaji aliombwa azifunge kwenye njumu kuonyesha kwamba wapenzi wa jinsia moja wanakaribishwa kwenye mpira. Baadaye Ligi Kuu yenyewe ikaingia ubia na Stonewall, na kila ilipofika mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba, rangi zile zikahamia kwenye vitambaa vya manahodha, bendera za kona na mbao za kubadilishia wachezaji. Mtu aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza alikuwa anaziona, atake asitake.

Jezi za Kongo, kama ujuavyo, hazina kamba za viatu. Mfanyabiashara anachagua anachoingiza, na mtazamaji naye akafanya hivyohivyo: aliichukua ligi, rangi za Desemba akaziacha kwenye kioo. Ubao wa kubadilishia wachezaji ulisomwa namba tu.

Kuna sadfa moja ambayo iliinusuru Tanzania na mjadala mkubwa zaidi. Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Alifunga dhidi ya Bournemouth, akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na Septemba mwaka huohuo akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Aliingia baada ya Desemba moja na kuondoka kabla ya nyingine. Taifa zima lilikuwa limehamia Villa kwa miezi minane, na wiki za upinde wa mvua hazikumkuta. Wachache waliokuwa wakiishangilia klabu hiyo walijua kwamba Thomas Hitzlsperger, kiungo Mjerumani mwenye mguu wa kushoto wa nyundo aliyeichezea Villa mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa amejitangaza Januari 2014 kuwa mpenzi wa jinsia moja, miezi michache baada ya kustaafu.

Wakati huo siasa za nyumbani zilikuwa zimechemka. Oktoba 2017 polisi walivamia kikao cha wanasheria na wanaharakati katika Hoteli ya Peacock, pale Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo, na kuwakamata watu 13 kwa madai ya kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja. Kikao kilikuwa kinajadili kufungua kesi kuhusu huduma za afya ambazo Serikali ilikuwa imezifunga. Mwaka mmoja baadaye Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga na kutangaza kikosi cha kuwasaka. Novemba 4, 2018, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi. Marekani ilimpiga marufuku kuingia nchini mwake Januari 2020. Nyumbani hakupotea kwenye ramani: Novemba 2025 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo.

Wiki moja ya Mei 2022 iliweka pande mbili za dunia ya soka mezani. Jumamosi ya tarehe 14, Idrissa Gana Gueye, kiungo Msenegali wa Paris Saint-Germain, hakucheza dhidi ya Montpellier, siku ambayo namba za jezi za ligi ya Ufaransa zilipakwa rangi za upinde wa mvua. Shirikisho la Ufaransa likamwandikia barua kumtaka ajieleze. Rais Macky Sall wa Senegal akamtetea kwa jina la imani yake. Jumatatu ya tarehe 16, Jake Daniels, mshambuliaji wa Blackpool mwenye umri wa miaka 17, akatangaza kwamba anapenda wanaume, na kwa mara ya kwanza tangu Fashanu kukawa na mchezaji wa kiume wa kulipwa Uingereza aliyekuwa anacheza huku amejitokeza. Wachezaji wenzake walimkumbatia. Waziri mkuu akampongeza.

Vijiweni habari ya Gueye ilizungumzwa. Ya Daniels ilipita. Blackpool haina mashabiki Kariakoo, lakini hiyo si sababu yote. Gueye alikuwa Mwafrika na Mwislamu aliyekataa kuvalishwa kitu, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema: dini, utu wa Mwafrika, ubabe wa Wazungu. Mjadala wa Afrika Mashariki kuhusu wapenzi wa jinsia moja katika michezo umekuwa hivyo kwa muda mrefu. Ni mjadala kuhusu Ulaya. Mchezaji mwenyewe, kijana anayeogopa chumba cha kubadilishia nguo, hayumo.

Kombe la Dunia la Qatar mwaka huohuo likauongezea kuni. Timu 7 za Ulaya zilipanga manahodha wao wavae kitambaa cha OneLove, FIFA ikatishia kadi za njano, zikarudi nyuma saa chache kabla ya mechi. Wajerumani wakapiga picha wameziba midomo, kisha wakafungwa na Japan 2–1. Waswahili wenye ndugu Doha na Muscat walikuwa na kicheko cha wiki nzima. Miezi iliyofuata haikuwa ya kicheko. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa madai ya kukiuka maadili, na mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba shirika la wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa, uamuzi uliozua maandamano Mombasa na Nairobi. Mei, Rais Yoweri Museveni wa Uganda akasaini sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja.

Hadi hapa wote ni wanaume, na wote wako mbali. Aliye karibu ni mwanamke.

Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake mara ya kwanza mwaka 2010, ikapoteza mechi zote tatu kule Afrika Kusini na kurudi na sifa ya kufika tu. Ikatwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 2016 na tena 2018. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza akiwa Mlandizi Queens. Angalia majina yaliyofuata: JKT Queens, Simba Queens, Yanga Princess, Fountain Gate Princess, Alliance Girls. Ni kama kila klabu ilitaka kumhakikishia mzazi, mapema kabisa, kwamba binti atabaki binti. Timu ya wanaume haihitaji dhamana hiyo. Simba yenyewe, kwa taarifa tu, ilianza maisha mwaka 1936 ikiitwa Queens, na hakuna aliyeitilia shaka jinsia yake.

Msichana anayecheza mpira Temeke au Mburahati hukutana na swali ambalo kaka yake haulizwi. Nywele zake fupi zinajadiliwa, mwendo wake unajadiliwa, bukta yake, sauti yake, rafiki yake anayelala naye chumba kimoja kambini. Anaitwa jike dume, anaitwa tomboi. Hajasema lolote kuhusu anayempenda, na pengine ana mchumba wa kiume anayemsubiri nje ya geti. Haijalishi. Shaka imetangulia, na shaka hiyo ni ileile ambayo kwa wanaume haipo, kwa kuwa mpira ulishawathibitisha kuwa wanaume.

Agosti 22, 2021, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan aliwapokea vijana wa kiume wa chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA kule Ethiopia. Akiwa katika hoja ya maisha ya wachezaji baada ya kustaafu, aligusia wale wa kike: kwamba wengi wana vifua bapa kiasi cha mtu kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao ni ndoto. Nia ya hoja ilikuwa kudai watunzwe. Hata hivyo, maneno yaliyosambaa ni yale ya vifua. Wanaharakati na wanasiasa wanawake wa upinzani walilalamika wazi. Wengine walishangaa kelele za nini, maana Rais alikuwa amesema tu kinachosemwa kila siku kwenye daladala. Hiyo ndiyo sehemu ya kutisha ya utetezi huo: ulikuwa wa kweli.

Oktoba 9 mwaka huohuo, wiki saba baadaye, Twiga Stars iliifunga Malawi 1–0 mjini Gqeberha na kubeba kombe la COSAFA, ikiwa timu mwalikwa.

Kwingine Afrika shaka imefika mbali zaidi ya maneno. Genoveva Añonma wa Equatorial Guinea alilisimulia BBC jinsi alivyovuliwa nguo mbele ya maofisa mwaka 2008 ili athibitishwe kuwa ni mwanamke. Mwaka 2011 kocha wa Nigeria, Eucharia Uche, alijisifu kwa kuwaondoa wasagaji kwenye timu kwa maombi, mpaka FIFA ikamwonya. Afrika Kusini, ambayo katiba yake inawalinda wapenzi wa jinsia moja, kiungo wa zamani wa Banyana Banyana Eudy Simelane aliuawa KwaThema mwezi Aprili 2008, baada ya kubakwa na genge. Alikuwa ameishi bila kujificha.

Kwa sababu hizo, makala haya hayamtaji kwa jina mchezaji yeyote wa kike wa Tanzania. Kumtaja hapa, hata kwa sifa, ni kumtupia mbwa mfupa.

Tofauti kati ya soka ya wanaume na ya wanawake duniani inashangaza ukiiweka kwa tarakimu. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022 hapakuwa na mchezaji hata mmoja aliyejitangaza kuwa mpenzi wa jinsia moja. Miezi minane baadaye, kwenye Kombe la Dunia la wanawake kule Australia na New Zealand, walihesabiwa zaidi ya 90. Maelezo ya kijiweni ni kwamba mpira huharibu wanawake. Maelezo yenye akili zaidi ni kwamba mwanamke anayeingia uwanjani amekwisha kuvunja sheria ya kwanza, ya kucheza mchezo wa wanaume, na amekwisha kulipia. Mwanamume bado ana kila kitu cha kupoteza: kandarasi, jina, ubavu wa kumwita jirani mke wake.

Lakini kujitangaza kwao kulitegemea pasipoti. Siku moja kabla ya Morocco kukutana na Ujerumani, mwandishi wa BBC alimuuliza nahodha Ghizlane Chebbak kama kikosi chake kina wachezaji wapenzi wa jinsia moja na maisha yao yakoje. Ofisa wa FIFA alilizuia swali akisema ni la kisiasa. Mwandishi alijibu kwamba ni la watu. BBC baadaye ilikiri kuwa swali halikufaa, kwa kuwa sheria ya Morocco inatoa kifungo cha hadi miaka 3, na jibu lolote lingeweza kumweka mtu matatani. Twiga Stars huchukua wachezaji Bara na Visiwani, na sheria ya Zanzibar tangu mwaka 2004 inawataja wanawake waziwazi, kifungo hadi miaka 5. Swali lile likiulizwa ukumbini Karume, pale makao ya TFF, litakuwa na uzito uleule.

Chebbak hakulijibu. Kesho yake timu yake ilifungwa 6–0, kisha ikazichapa Korea Kusini na Colombia bao moja moja, na kuwa timu ya kwanza ya nchi ya Kiarabu kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la wanawake.